Chembe Zinazong'aa na Mabaki ya Viuatilifu: Nani Apime, Apime Nini?

Kuanzia Januari 2013, shehena moja katika kila kumi za maharage mabichi na njegere za maganda kutoka Kenya ilikuwa ikisimamishwa kwenye mipaka ya Umoja wa Ulaya na kupimwa kabla ya kuruhusiwa kuingia sokoni. Kilichoiponza Kenya hasa ni dimethoeti, dawa ya wadudu iliyozoeleka kwenye mashamba ya mishiri, yaani hayo maharage mabichi. Mishiri ni bidhaa isiyosubiri mtu. Huchumwa asubuhi, huchambuliwa na kupangwa kwenye vituo vya kufungashia mchana, na usiku hupaa kutoka Nairobi. Maabara nayo ina mwendo wake: sampuli isafirishwe, ipangiwe foleni, isagwe, ichujwe, ipite kwenye mashine, kisha mkemia asome matokeo na kuyatia saini. Mara nyingi jibu linapotoka, mzigo umeshaliwa au umeshasinyaa.

Pengo hilo kati ya ndege na maabara ndilo linalofungua karibu kila makala ya kisayansi kuhusu vitambuzi vya nano vinavyong'aa. Mtafiti huahidi kwamba tone la maji ya mboga, chembe ndogo zisizoonekana hata kwa hadubini ya kawaida, tochi ya urujuanimno na kamera ya simu vitatosha kumwambia mfungashaji, ndani ya nusu saa, kama kreti iende au ibaki. Makala za namna hiyo ni nyingi mno. Vifaa vilivyofika mikononi mwa wafungashaji ni vichache mno. Tofauti hiyo haielezwi na uzembe wa watafiti, wala na umaskini wa masoko yetu peke yake. Uwezo wa kuona sumu kidogo umeshapatikana. Kinachokwamisha kiko kwenye mboga yenyewe, kwenye namna sampuli inavyochukuliwa, na kwenye suala la nani ana mamlaka ya kuzuia mzigo.

Maabara, kwanza, haijalala. Mwaka 2003 Michelangelo Anastassiades, Steven Lehotay na wenzao walichapisha njia iitwayo QuEChERS, ambayo leo ni mazoea ya maabara nyingi duniani. Chukua gramu 10 za mboga iliyosagwa, mimina mililita 10 za asetonitrili, tia chumvi, tikisa, zungusha kwenye sentrifuji, nyonya kimiminika cha juu. Kikiingizwa kwenye kromatografia iliyounganishwa na spektrometa ya masi, unaweza kutafuta humo viuatilifu mamia kwa mpigo mmoja, kila kimoja kikatajwa kwa jina na kiasi chake. Hakuna kitambuzi cha nano kinachokaribia hapo. Kenya ina maabara ya aina hiyo chini ya KEPHIS, shirika lake la ukaguzi wa afya ya mimea, na Tanzania inayo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Shida ni uchache. Mashine hizi ni ghali kununua na ghali kutunza, hutaka gesi safi, umeme usiokatikakatika na fundi anayezielewa, na kila sampuli inayopita ina bili yake. Ni mashine za kuthibitisha. Huwezi kuzigeuza mlinzi wa getini anayetazama kila gunia.

Sasa tuje kwenye mng'ao. Mwaka 1852 George Gabriel Stokes alieleza jinsi mmumunyo wa kwinini, dawa ileile ya malaria, unavyopokea miale ya urujuanimno tusiyoiona na kuirudisha ikiwa mwanga wa buluu tunaouona. Nishati hupotea kidogo njiani, ndiyo maana mwanga unaotoka una rangi tofauti na ule ulioingia. Tofauti hiyo ndiyo faida yote ya mbinu hii: unamulika kwa rangi moja, unazuia rangi hiyo isifike kwenye kamera, kisha unapima kilichobaki juu ya giza. Kutambua mwanga hafifu gizani ni rahisi kuliko kutambua upungufu mdogo wa mwanga mkali, na kwa sababu hiyo vipimo vya kung'aa huona kiasi kidogo kuliko vipimo vya kubadilika rangi.

Chembe za nano zilifanya mng'ao huo uwe imara na wa kuchagulika. Nukta za kwanta, vipande vya nusukipitishi vyenye upana wa nanomita chache, hutoa rangi kulingana na ukubwa wake: ndogo buluu, kubwa nyekundu. Alexei Ekimov, Louis Brus na Moungi Bawendi walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023 kwa kazi hiyo. Lakini nukta bora za kizazi cha kwanza zina kadimi, metali yenye sumu, na si rahisi kumshawishi mkaguzi wa chakula atembee na chupa ya kadimi ili atafute sumu nyingine. Njia ya kutokea ilipatikana kwa bahati. Mwaka 2004, watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina waliokuwa wakisafisha mirija ya nano ya kaboni waliona uchafu ukitengana na kung'aa. Leo tunauita nukta za kaboni. Unaweza kuzitengeneza kwa asidi ya sitriki, ileile ya limau, ikichanganywa na kampaundi yenye naitrojeni na kupashwa moto kwenye chombo kilichofungwa, nyuzi karibu 200 za Selsiasi, kwa saa kadhaa. Hazina kadimi, malighafi yake ni ya bei ndogo, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaziweza. Ndiyo maana kuna mafuriko ya makala: sasa ni vigumu kutaja ganda la tunda ambalo halijachemshwa na kuandikiwa ripoti.

Hata hivyo, chembe inayong'aa haijui dimethoeti ni nini. Inahitaji kitu cha kuitambulisha, na hapa ndipo vitambuzi hivi vinapopishana kwa ubora. Kinachotumika sana kimetoka kwenye neva. Viuatilifu vya jamii ya organofosfati na kabameti huua mdudu kwa kukifunga kimeng'enya cha asetilikolinesterasi, ambacho kazi yake ni kusafisha ujumbe wa neva baada ya kila msuli kuambiwa ujikunje. Kimeng'enya kikifungwa, misuli haipati amri ya kupumzika. Ni utaratibu huohuo uliomfikisha Gerhard Schrader, mkemia wa Kijerumani aliyekuwa akitafuta dawa za wadudu mwaka 1936, kwenye gesi ya neva iitwayo tabuni. Kwa mpimaji, kimeng'enya hiki ni mtego mzuri: sumu inakifuata yenyewe.

Angalia jinsi mtego unavyofanya kazi ndani ya kijineli kimoja cha plastiki. Kuna nukta za kaboni zinazong'aa buluu zikimulikwa kwa taa ya nanomita 365. Juu yake unaongeza vipande vyembamba vya manganizi dioksaidi, vya rangi ya kahawia, vinavyomeza mwanga huo, na mchanganyiko unazimika. Kisha unatia kimeng'enya pamoja na chakula chake, asetilithaiokolini. Kimeng'enya kikiwa kizima, hukata chakula hicho na kutoa thaiokolini, ambayo huyeyusha vile vipande vya kahawia. Katika dakika kadhaa ukahawia unapauka na buluu inarudi. Maji ya mboga yakiwa na organofosfati, kimeng'enya kinakwama, thaiokolini haitoki, na kijineli kinabaki na giza lake. Mng'ao ni salama, giza ni tuhuma. Watafiti makini huongeza chembe ya pili inayong'aa nyekundu isiyoguswa na mmenyuko, ili simu ilinganishe rangi mbili badala ya kukadiria ukali wa moja. Hapo tofauti za taa, za chaji ya betri na za kamera zinapungua nguvu.

Ni kemia ya kupendeza, na mimi ni miongoni mwa wanaoipenda. Sasa mimina humo maji ya pilipili hoho. Hoho imejaa vitamini C, na vitamini C huyeyusha manganizi dioksaidi vizuri tu, bila kumwomba kimeng'enya ruhusa. Buluu inarudi, mpimaji anapitisha kreti, na dawa imo. Vipande hivyohivyo vya manganizi, kwenye makala nyingine, vinauzwa kama kipimo cha vitamini C.

Wachina waliliona tatizo la upande wa pili zamani. Kiwango chao cha taifa cha mwaka 2003 cha kupima organofosfati na kabameti kwenye mboga kwa kutumia kimeng'enya, njia ya kadi na ya rangi ambayo haina nano yoyote, kinaonya kwamba vitunguu, vitunguu saumu, figili, giligilani, uyoga na maji ya nyanya vina kemikali za asili zinazokisumbua kimeng'enya na kutoa jibu la kusingizia. Kitunguu saumu kisichowahi kuona dawa kinaweza kushtakiwa kwa sababu tu ni kitunguu saumu. Ushauri wao ni kutoisaga mboga hiyo bali kuiloweka nzima, ili dawa ya juu ya ganda itoke na juisi ya ndani ibaki ndani. Kuweka chembe za nano badala ya kadi hakumbadilishi kitunguu.

Mboga za majani nazo zina mng'ao wao. Klorofili ikimulikwa kwa urujuanimno au buluu hutoa mwanga mwekundu, karibu na nanomita 680. Mwagia asetonitrili kwenye sukuma wiki iliyokatwakatwa, subiri kidogo, kisha washa tochi ya kukagulia noti: kimiminika cha kijani kinageuka chekundu kama damu. Kitambuzi kilichojengwa kusoma rangi nyekundu kinaisoma sukuma wiki. Kuna dawa ya hilo: chembe zenye itabiamu na ebiamu hupokea mwanga wa infraredi wa nanomita 980 na kutoa kijani au nyekundu. Maji ya mimea hayana tabia hiyo, kwa hiyo nyuma ya kitambuzi kunabaki giza safi. Bei yake ni kwamba tochi ya sokoni haifai tena, unahitaji leza.

Kuna mtego mwingine usioonekana kwenye vichwa vya makala. Klorpirifosi na dimethoeti, jinsi zinavyotoka kwenye chupa ya duka la pembejeo, hazikifungi kimeng'enya kwa nguvu. Zina salfa mahali ambapo oksijeni ndiyo inayouma. Ini letu, na mwili wa mdudu, hubadilisha salfa hiyo kuwa oksijeni, na hapo ndipo sumu inapokomaa. Kijineli hakina ini. Kwa hiyo mpimaji lazima atangulize hatua ya kuoksidisha, kwa mfano kwa maji ya bromini, kisha aondoe bromini iliyobaki ili isikiue kimeng'enya. Ukisoma makala inayojivunia kuona klorpirifosi kwa kiasi kidogo ajabu kwa njia ya kimeng'enya, tafuta hatua hiyo. Isipokuwepo, uliza kama walipima dawa anayonunua mkulima au ile iliyokwisha kugeuzwa.

Nimetumia nafasi kubwa kwenye kimeng'enya kwa sababu ndicho kinachotawala. Njia nyingine zipo. Kingamwili hushika kiuatilifu kimoja kwa uaminifu mkubwa. Aptama, nyuzi fupi za DNA au RNA zinazochaguliwa maabara kwa mbinu iliyozaliwa mwaka 1990, hufanya kazi hiyohiyo na hustahimili joto zaidi. Plastiki zenye alama hutengenezwa zikiizunguka molekuli, kisha molekuli inaondolewa na shimo la umbo lake linabaki. Vizimba vya metali na kaboni vyenye matundu, ambavyo mwaka 2025 viliwapatia Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi Tuzo ya Nobel, vinaweza kung'aa na kunasa kwa pamoja. Kwa glaifoseti, dawa ya magugu, kuna ujanja wa shaba: shaba huzima nukta ya kaboni, glaifoseti huivuta shaba, mng'ao unarudi. Lakini shaba huvutwa na vitu vingi, zikiwemo asidi za amino ambazo hakuna mboga inayozikosa.

Je, vipi kuhusu uwezo wa kuona kiasi kidogo? Ulaya, pale ambapo haijaweka kiwango maalumu kwa dawa na zao fulani, hutumia miligramu 0.01 kwa kilo. Ni sawa na miligramu 10 kwenye tani nzima. Kidonge kimoja cha paracetamol cha miligramu 500 kingetosha kuzifikisha tani 50 za maharage kwenye ukomo huo. Inasikika kama haifikiki, lakini vitambuzi vingi vinavyochapishwa hudai kuona chini ya hapo mara kumi, mara mia, wakati mwingine zaidi. Mashindano ya kushusha namba hiyo yamegeuka kama mchezo wenye ligi yake. Mfungashaji hapati kitu kwa kuona mara elfu chini ya sheria, na huenda akapata hasara, kwa kuwa vumbi la shamba la jirani litaonekana kama kosa lake.

Ila uwezo huo una faida moja ambayo watafiti wengi hawaitumii: kuzimua. Asetonitrili hudhuru kimeng'enya, kwa hiyo dondoo la mboga lazima lichanganywe na maji mengi kabla halijaingia kwenye kijineli. Chukua klorpirifosi iliyo kwenye ukomo wa Ulaya. Gramu 10 za mboga kwenye mililita 10 za asetonitrili hutoa takriban nanomola 28 kwa lita; ukizimua mara kumi, zinabaki karibu tatu. Kitambuzi kinachoona nanomola moja bado kinaona. Na wakati umezimua dawa mara kumi, umezimua pia klorofili, vitamini C na kemikali za kitunguu mara kumi. Mtafiti aliye na uwezo wa ziada angeutumia hivyo, akazimua mara mia, badala ya kuutundika kwenye ikisiri. Nikikuta makala inayoonyesha jibu lilelile likitoka kwenye dondoo lililozimuliwa mara kumi, mara hamsini na mara mia, kwangu ina thamani kuliko kumi zinazotangaza pikomola.

Namna ya kuthibitisha nayo ina walakini. Mtindo ulioenea ni kununua tango au kabichi dukani, kulisaga, kulimwagia dawa ya kiasi kinachojulikana, kisha kuonyesha kwamba kitambuzi kimeirudisha kwa asilimia 95 au 103. Miongozo ya Ulaya kwa maabara za viuatilifu hukubali asilimia 70 hadi 120, kwa hiyo jedwali linapendeza. Lakini dawa iliyomwagwa juu ya uji wa tango dakika tano zilizopita haijakaa kwenye nta ya ganda, haijapenya tishu, haijapigwa jua wiki mbili. Kipimo cha kweli ni mboga iliyopuliziwa shambani, ikagawanywa nusu kwa nusu, nusu ikaenda kwenye spektrometa na nusu kwenye kitambuzi, bila mpimaji kujua jibu la mwenzake. Majaribio ya namna hiyo yapo, ila ni wachache wanaoyabeba.

Hata kitambuzi kamilifu hakiwezi kuponya sampuli mbaya. Bomba la mgongoni halipulizii sawasawa: mche wa mwisho wa mstari, pale mpuliziaji anapogeuka, unalowa mara mbili. Mwongozo wa mwaka 1999 wa Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, unataka, kwa mazao ya ukubwa wa kati kama nyanya au machungwa, angalau vipande kumi na uzito usiopungua kilo moja; kwa makubwa kama kabichi, vichwa vitano na kilo mbili. Vyote vinasagwa pamoja. Sasa jiulize ni wapi kwenye kituo cha kukusanyia kuna kisagio, maji safi ya kukisuuza kati ya mkulima na mkulima, na mtu mwenye subira ya kuchukua maganda ya maharage kutoka pande zote za kreti badala ya juu tu. Simu inayosoma rangi ni sehemu rahisi. Mtu akifuta jani moja kwa karatasi na kulipiga tochi, amepima jani hilo.

Kisha kuna hesabu ya tuhuma. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kreti 1,000 zimeletwa na 50 kati yake zimezidi kiwango. Kitambuzi kinakamata 90 kati ya kila mia zilizozidi, na kinasingizia 10 kati ya kila mia zilizo safi. Kitakamata 45 zenye kosa na kusingizia 95 zisizo na kosa. Kati ya kreti 140 zilizowekwa pembeni, theluthi mbili ni za watu waliofuata maelekezo. Mwanasayansi ataita hayo matokeo mazuri, mama aliyeamka saa kumi usiku kuchuma ataita dhuluma, na wote wawili watakuwa sahihi. Ndiyo maana kifaa cha namna hii hakiwezi kusimama peke yake. Kinahitaji mlango wa pili.

China imeujenga mlango huo kwenye sheria. Sheria yake ya Usalama wa Chakula iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2015 inaruhusu wakaguzi kutumia vipimo vya haraka kuchuja vyakula, lakini kinachotiliwa shaka lazima kipelekwe kupimwa kwa njia kamili. Kwa mazao ya shambani, mwenye mzigo asiyeridhika ana saa nne tangu apate jibu kuomba upimaji wa pili, na upimaji huo hauruhusiwi kufanywa kwa kipimo cha haraka. Saa nne si nyingi, ila ni haki iliyoandikwa, inayotambua kwamba mboga inaoza na kwamba kadi inakosea. Afrika Mashariki ikiingiza kitambuzi bila kifungu cha aina hiyo, itakuwa imempa dalali sababu mpya ya kushusha bei: "kipimo kimekataa, nikupe nusu." Nani atabishana naye?

Karibu na nyumbani kuna mfano wa kipimo cha haraka kilichofaulu. Mwaka 2004 sumukuvu kwenye mahindi iliua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, hasa Makueni na Kitui. Vipande vya kupimia sumukuvu, vinavyofanana na kipimo cha mimba na vinavyotumia chembe za dhahabu au za kung'aa, ni vifaa vya kawaida kwenye biashara ya nafaka leo, na msagishaji anaweza kukataa lori getini kwa kutumia kisomaji cha mezani. Kwa nini sumukuvu imekubali na viuatilifu vinagoma? Sumukuvu ni familia moja ndogo ya kemikali, iko kwenye nafaka kavu isiyo na klorofili, na mnunuzi ni kiwanda chenye jina la kupoteza na geti la kufunga. Mboga mbichi haina hata moja kati ya hayo. Kwenye soko kama Kilombero la Arusha au Wakulima la Nairobi, nyanya za mashamba ishirini zinamwagwa kwenye turubai moja kabla jua halijachomoza, na mnunuzi wa mwisho ni mama ntilie.

Kwa hiyo ningeliondoa soko la wazi kwenye orodha ya mwanzo, ingawa ndiko walaji wengi waliko. Mahali pa kuanzia ni kituo cha kufungashia, ambako mkulima anajulikana kwa namba, dawa alizopewa zimeandikwa, na meneja tayari ana sababu ya kifedha ya kuzuia kreti. Hapo swali linapungua kutoka "je, kuna sumu yoyote?" hadi "je, kwenye mishiri ya kundi hili imebaki ile dawa iliyopigwa wiki iliyopita, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziliheshimiwa?" Kitambuzi cha kingamwili au aptama kwa dawa mbili tatu zinazofahamika kinatosha kujibu swali hilo.

Pa pili ni pale ambapo dozi ni kubwa. Julai 2013, katika jimbo la Bihar nchini India, watoto 23 walikufa baada ya kula chakula cha shule kilichochanganyika na monokrotofosi, organofosfati yenye sumu kali. Hapo kipimo cha kimeng'enya hakihitaji kuona pikomola. Dawa imejaa kwenye sufuria. Zahanati ya kijijini inayopokea watu wanaotapika na kutokwa mate ingefaidika na kijineli kinachosema ndani ya dakika kumi kama mafuta yaliyopikiwa yana organofosfati, mradi dawa iliyomo ni ya aina inayokifunga kimeng'enya moja kwa moja, kama ilivyo monokrotofosi. Tatizo la hapo ni jingine: kimeng'enya kinachotumika sana, kinachotolewa kwa samaki wa umeme wa Amerika Kusini, hutunzwa kwenye friza. Wapo wanaokikausha juu ya karatasi, na wapo wanaokikwepa kwa kutumia nanozaimu, chembe za madini zinazofanya kazi kama kimeng'enya, ambazo Yan Xiyun na wenzake walizitangaza China mwaka 2007. Kwenye zahanati zetu, kazi hiyo ya kustahimili joto ina faida kubwa kuliko kushusha ukomo wa kuona.

Ugumu wa mwisho ni kwamba lengo lenyewe linahama. Ulaya ilikataa kuongeza muda wa klorpirifosi mwanzoni mwa mwaka 2020, na mwaka 2025 nchi wanachama wa Mkataba wa Stockholm zikaiingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa, pamoja na misamaha kadhaa. Huku kwetu wadudu nao wamebadilika. Nondo aitwaye kantangaze aliingia kwenye nyanya za Kenya na Tanzania mwaka 2014, viwavijeshi vamizi wakafuata kwenye mahindi mwaka 2017, na wakulima wakahamia kwenye emamektini benzoeti, klorantraniliproli na dawa nyingine mpya. Hakuna hata moja kati ya hizo inayogusa asetilikolinesterasi. Wala mankozebu haigusi, ile dawa ya ukungu inayoacha vumbi jeupe lenye umanjano kwenye nyanya za kila genge. Hata maabara kubwa huipima kwa kuivunja na kupima kaboni disalfidi inayotoka. Kijineli cha buluu kitang'aa vizuri juu ya nyanya iliyopakwa dawa hizo zote tatu.

Utafiti umeng'ang'ania organofosfati kwa sababu kemia yake inakubali, kama ilivyo kawaida ya watu kuanzia pale ambapo zana tayari ipo. Mkemia wa Chuo Kikuu cha Sokoine au cha Jomo Kenyatta anayetaka kuanza kazi hii leo angeanza na barua kwa mamlaka ya viuatilifu, akiomba orodha ya mabaki yaliyokutwa kwenye nyanya na sukuma wiki katika miaka mitatu iliyopita, na nyingine kwa vituo vya kufungashia, akiuliza ni dawa zipi zilizosababisha mizigo kurudishwa. Asidi ya sitriki ingesubiri kabatini hadi majibu hayo yafike.